Mjomba Anafunga Bucha

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima. Mama yako mkubwa anakohoa kidogo asubuhi, ila ulimi wake haujapata homa hata siku moja. Paa la jikoni tumelibadilisha na sasa mvua inabaki nje inakotakiwa kuwa. Mbuzi wa jirani bado yuko hai na bado anakula nguo zetu kwenye kamba. Juzi kala kola ya shati langu la misibani, kwa hiyo naomba watu wasife mpaka nishone lingine.

Nakuandikia kwa sababu simu, unajua mwenyewe, sikio la kushoto linasikia mluzi na la kulia halisikii kitu.

Jambo lenyewe ni bucha. Mwaka huu linatimiza miaka thelathini na moja. Wewe ulikulia pale. Tangu marehemu mama yako alipokuacha mikononi mwangu, ulikuwa unakaa juu ya kreti la soda nyuma ya kaunta, unakunja magazeti ya kufungia nyama. Ulijua kutofautisha paja na bega kabla hujajua kusoma. Wateja wananiita Bwana Mizani, na sijawahi kumwibia mtu hata nusu kilo. Nataka jina hilo libaki ndani ya nyumba. Njoo ulichukue bucha. Kazi yako ya kiwanda cha vifaranga ni nzuri, lakini ni ya watu. Hili ni lako.

Usinijibu haraka. Fikiri. Lakini usifikiri sana.

Ni mimi mjomba wako.


Tarehe 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Na mama mkubwa mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimewachanganya. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, kina madirisha mawili na jirani anayepiga pasi huku anaimba. Anaimba vibaya lakini kwa moyo.

Pole kwa shati. Nitakuletea lingine.

Kazi nimebadilisha. Siko tena kwenye vifaranga tangu mwezi wa kumi na moja. Napika katika kantini ya karakana ya mabasi. Mafundi wanakuja saa saba na mikono myeusi ya grisi, wanakula kama wanaambiwa kesho hakuna chakula. Nimepewa sufuria ya maharage, na naipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea.

Mjomba, mwandiko wako umebadilika. Herufi zinapanda na kushuka. Uliandikia wapi, juu ya goti?

Kuhusu bucha, nimesoma. Asante kwa kuniwaza. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi, wiki hii tuna wageni wa ukaguzi kazini.

Mpwa wako.


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii nasema mimi, anaandika mama yako mkubwa, maana kalamu yangu imeisha wino.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu kuhusu bucha. Mara ya nne nilimpa mama yako mkubwa atafute, labda macho yangu. Naye hakuliona. Umeniandikia habari ya jirani anayeimba, ya grisi, ya wakaguzi. Bucha umelipa mistari miwili.

Halafu yule dereva wa lori la mahindi, niliyempa ile nyama ya kukausha akuletee, amerudi. Nikamuuliza, mpwa wangu aliipokeaje? Akaanza kutazama matairi yake. Nilipombana akasema ulimshukuru sana, ukamkaribisha maharage, halafu mbele ya macho yake ukampa nyama yote jirani yako. Akasema na chai ulikunywa bila maziwa. Akaniuliza kama unaumwa.

Sasa nakuuliza mimi. Unaumwa? Una mimba? Umeingia dini gani? Niambie, lolote lile, ila usinifiche kama mtu wa kodi.

Mjomba wako.

Mimi mama yako mkubwa naongeza la kwangu, yeye ameenda kunawa. Kalamu ina wino tele. Vidole vya mkono wake wa kulia vinakufa ganzi, ni ile baridi ya friji na shoka la miaka yote. Mwezi wa kwanza lilimponyoka likatua sentimita chache kutoka mguuni. Daktari amemwambia aache. Hajamwambia mtu, na mimi sijakwambia.


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi siumwi, sina mimba, na dini yangu ni ileile uliyonilea nayo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Naomba uisome umekaa.

Kule kiwandani niliwaambieni natunza vifaranga. Si kweli. Nilikuwa nachambua. Vifaranga wa siku moja wanapita mbele yako kwenye mkanda, unamwinua mmoja, unafungua bawa, unaangalia manyoya. Jike kushoto, dume kulia. Wale ni kuku wa mayai, Mjomba. Dume lake halitagi na halinenepi upesi, kwa hiyo halina kazi. Upande wa kulia mkanda unaishia kwenye mashine yenye visu. Wanaingia wakiwa hai. Nilifanya hivyo miaka mitatu, na nilisifiwa kwa mikono myepesi.

Siku moja nilimshika mmoja, mkanda ukasimama kwa hitilafu ya umeme. Nikabaki naye kiganjani. Ndani ya dakika moja alilala. Alijikunja tu, akafumba macho, kwa kuwa palikuwa na joto. Alikuwa dume. Umeme uliporudi nikamweka kushoto. Aliyefuata naye nikamweka kushoto. Wiki nzima nilikuwa nakosea kwa makusudi.

Msimamizi akaniita ofisini. Akasema, "Wewe hujawahi kukosea. Unaumwa macho?"

Nikamwambia, "Ndiyo, macho."

Nikaacha kazi siku hiyo.

Tangu hapo sili nyama, Mjomba. Wala samaki, mayai, maziwa, asali. Viatu vya ngozi nilivyonavyo navimalizia, sitanunua vingine. Si kwa ajili ya afya. Ni kwamba naona mnyama ana maisha yake, na maisha hayo si mali yangu, niyatumie halafu niyatupe yakikosa faida. Nilifika mpaka mwisho wa mkanda, nikashindwa kujidanganya tena.

Kwa hiyo bucha siwezi. Nimelia kuandika mstari huu, lakini siwezi.

Najua utakachofikiri. Utafikiri nimekuonea aibu. Sijawahi, na sitawahi. Nilikuwa naogopa kukwambia kwa sababu kila kitu nilichonacho, ada, viatu, hata meno haya, kilitoka kwenye lile gogo lako la kukatia. Sikujua nianze wapi kusema sikitaki tena bila kuonekana nakukataa wewe.

Mkono wako ukoje? Nauliza tu.

Mpwa wako.


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Tu wazima. Mama yako mkubwa amepona kikohozi na sasa ana nguvu za kunisema mchana kutwa. Anaandika yeye, na hili pia ameliandika huku amenuna.

Nimekaa na barua yako wiki saba. Wiki ya kwanza nilikasirika. Wiki ya pili niliendelea. Ya tatu nilimwambia kila mteja kwamba watoto wa siku hizi wakifika mjini wanageuka sungura. Wakacheka. Mimi sikucheka, nikaona afadhali ninyamaze.

Ulipovunjika mguu ukiwa na miaka tisa, nani alikuchemshia supu ya mifupa wiki sita, asubuhi na jioni? Nilikuwa nachagua mfupa wenye ute kwanza, kabla ya mteja yeyote. Ile nayo ilikuwa ukatili? Nijibu hilo kwanza.

Pili, maziwa. Nyama naelewa, mnyama amekufa, hakuna ubishi. Lakini ng'ombe akikamuliwa hafi. Anasimama pale anatafuna. Kosa liko wapi?

Tatu, huyu mbuzi wa jirani. Wiki iliyopita kala mfuko wa suruali. Naye ana haki zake?

Mkono, naona kuna mtu amekwisha sema, nami namjua maana kalamu ameshika yeye. Ni kweli. Sishiki tena shoka. Nafunga bucha mwisho wa mwezi wa saba. Yule bwana mwenye bucha ng'ambo ya barabara, tuliyenuniana naye miaka kumi na minne, amekuja, tumekubaliana achukue friji na mizani nikishafunga. Tulipeana mkono, akanishika huu mbaya, sikuhisi kitu, nikamwambia ndivyo ninavyojisikia siku zote nikimwona. Alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mzuri kumbe.

Chumba atapanga fundi cherehani. Hataki kuona hata alama ya damu, maana anashona magauni ya maharusi. Kuna kuta za kusugua, kuna kulabu kumi na mbili za kuteremsha darini. Mama yako mkubwa hapandi ngazi. Mimi mkono ndio huo. Sikuombi. Nasema tu kwamba kusafisha hakumuumizi mnyama yeyote.

Mjomba wako.


Tarehe 25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeomba likizo. Nitafika tarehe 6 Agosti.

Supu ile iliniponya. Ulinipa kilicho bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na sitakitemea mate leo. Wewe hukujua ninayoyajua mimi, na mimi sikuyajua mpaka nilipoyashika mkononi. Lakini nikishajua, siwezi kurudi kuwa asiyejua.

Maziwa. Ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe, anatoa kwa kuwa amezaa. Kwenye mashamba makubwa ndama anaondolewa siku ya kwanza au ya pili, maziwa yapate kuuzwa. Akiwa dume, hatma yake ni kama ya wale vifaranga wangu, inakawia tu. Mama yake akichoka kuzaa, yeye mwenyewe anakuja kwenye kulabu. Wewe unajua zaidi yangu ni ng'ombe wangapi wazee walipita pale.

Mbuzi ana haki zote, isipokuwa ya suruali yako. Inueni kamba.

Mpwa wako.


Tarehe 3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama. Mafundi wa karakana wamefurahi kuniona. Mpishi aliyeshika zamu yangu aliunguza maharage mara mbili, na wamenipa jina, Mama Maharage. Zamani foleni ya nyama ndiyo ilikuwa inafika mlangoni. Siku hizi foleni yangu inakata kona. Sijamhubiria mtu. Natia karanga za kusaga na tangawizi, basi.

Kuna mambo nilishindwa kukwambia pale kwa sababu ilibidi kupiga kelele, na fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni, anapima kila tulichosema.

La kwanza ni mchicha. Jioni ile niliyofika uliniwekea sahani kwa mikono yako. Nikasikia harufu ya mafuta ya ng'ombe, nikasema nimeshiba safari. Ulinitazama, ukala chakula chako. Nililala nikijiuliza kama nilipaswa kula tu, mara moja, kwa ajili yako. Asubuhi nikakuta jikoni sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani, na mama mkubwa akanong'ona, "Kaniamsha na alfajiri kuniuliza kama mafuta ya alizeti yana mnyama ndani." Nikanywa chai tu. Nasema sasa. Asante.

La pili ni lile la kwenye ngazi. Tulikuwa tumebakiza kulabu mbili. Nilikuwa juu na bisibisi, wewe chini umeshika ngazi kwa mkono wa kushoto. Ukaanza kusema kama vile unaongea na ukuta.

"Unajua nilianzia machinjioni?"

Nikasema najua, uliacha kwa sababu ya mgongo.

"Mgongo wangu haukuwa na kitu," ukasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa yule anayewaleta kutoka zizini, nawashika kamba. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu. Njiani akasimama, akaanza kunilamba mkono, kwa ajili ya chumvi ya jasho. Alilamba pole pole, kila kidole. Watu ndani wananipigia kelele niharakishe. Nikasubiri amalize. Halafu nikampeleka."

Ukaikaza ngazi. Nikafikiri umemaliza.

"Nikaenda kwa msimamizi nikasema mgongo. Wakanihamishia dukani, hili lililokuja kuwa langu. Miaka thelathini na moja nyama ilikuja imekwisha katwa nusu, haina kichwa. Nilikuwa nawaambia wenye gari, kichwa msiniletee, hakiuziki. Uongo. Kinauzika sana."

Kisha ukaniangalia huko juu ukasema, "Usifikiri nakuunga mkono. Nakwambia tu."

Niliendelea na bisibisi, Mjomba. Kulabu ilikuwa imeshika kutu na mimi nilikuwa naona kwa shida. Jibu langu ni hili. Wewe ulisema mgongo, mimi nilisema macho. Siku zote nilidhani nimetoka nje ya nyumba yetu kwa hili jambo, kwamba nimekuwa mtu mwingine. Kumbe nimelitoa kwako. Wewe ulikuwa na watu wa kulisha, na miongoni mwao nilikuwamo mimi, kwa hiyo ukageuza uso ukafanya kazi. Mimi nimeweza kuacha kwa sababu uliniwezesha kuwa na pa kwenda. Sikuhesabii kosa lolote.

Mwambie fundi cherehani kuta zikianza kunuka siku za joto, apake chokaa tena. Tulisugua siku tatu, na vidole vyangu bado vina harufu ya sabuni.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nimeanza juzi, nimemaliza leo, kwa hiyo uisome kwa heshima.

Tu wazima. Kamba tumeinua. Mbuzi alikuja, akaangalia juu, akasikitika, akaenda kwa fundi cherehani, kala lesi ya bibi harusi. Nimeitwa kusuluhisha. Nilisema mbuzi ana haki zake. Walinitazama vibaya sana.

Nisikufiche. Jumapili tulialikwa nikala nyama, vipande viwili. Nakwambia mimi kabla hujasikia kwa mama yako mkubwa. Zamani nilikuwa nakula kipande na kufikiria uzito wake. Safari hii nilimfikiria mwenyewe. Kilinishuka, lakini kwa kusukumwa na maji. Nyumbani tunatumia sufuria yako karibu kila siku, kwa kisingizio kwamba ni nyepesi kwa mkono wangu. Mama yako mkubwa anasema ngozi yake imelainika. Mimi sioni tofauti, lakini nimekubali.

Nimestaafu kweli, siendi hata kuchungulia. Asubuhi nakaa nje ya chumba cha fundi, wateja wa zamani wanapita. Yule mwalimu mstaafu aliyekuwa ananunua maini kila Ijumaa aliniuliza, "Bwana Mizani, umefunga kwa ajili ya mkono tu?" Nikasema mkono, na mengine. Akasema mengine yapi. Nikamsimulia habari za yule ng'ombe mwekundu, ambazo miaka yote nilimsimulia mtu mmoja tu, naye alikuwa juu ya ngazi. Akakaa kando yangu. Halafu akaniambia alipokuwa mtoto alikuwa na jogoo aliyekuwa akimfuata shuleni, na akaanza kunieleza. Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Barua yako ya mwisho siijibu. Nimeiweka pamoja na picha ya mama yako, hilo ndilo jibu.

Sasa, mama yako mkubwa na mimi tumeamua kuja kukuona. Tatizo likawa zawadi. Maisha yangu yote nikienda kwa mtu nabeba kilo mbili za paja. Sijui kuingia nyumba ya mtu na kitu kingine. Nilizunguka soko zima kama mgeni. Watu wa mboga sikuwahi kuwajua hata majina, na kumbe tulikuwa soko moja miaka thelathini. Mwisho nikasimama kwa mama mmoja muuza maharage. Akaniuliza, "Unapika wewe?" Nikamwambia ni ya mpwa wangu, anapikia mafundi wa mabasi mpaka foleni inakata kona. Akaniuliza nataka aina gani. Nikasema nzuri kuliko zote, na azichague punje kwa punje zisizo na wadudu, kwa sababu mpwa wangu akiwakuta humo hatakubali kuwaua, na mimi nitapangishwa nao chumba kimoja.

Alichagua kweli, nusu siku. Nami nilikaa nikamsaidia, huu mkono wenye ganzi unatosha kwa maharage.

Tunafika Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi. Mama yako mkubwa atakuwa amevaa la kijani. Mimi utanijua kwa gunia.

Mjomba wako.